Kuiona Pumzi Yako: Vifaa vya Kupima na Kufundisha Kupumua

SOMO LA AFYA



Katika toleo hili tunawaletea somo kuhusu pumzi. Huenda mtu akauliza: kuna haja gani ya kufundishwa kupumua, wakati hata mtoto aliyezaliwa leo anajua? Swali ni zuri. Katika mizunguko yetu ya nyumba kwa nyumba tunakutana na mambo mawili mara kwa mara.

La kwanza ni mtu mzima aliyebanwa na hofu. Amesikia kishindo, au bati limepigwa na upepo, na ghafla pumzi zinamwenda mbio, kifua kinambana, vidole vinakufa ganzi, naye anaamini kwamba anakufa. La pili ni mtoto mchanga anayepumua mbio kwa sababu ya nimonia, na wazazi wanasema ni mafua tu, yatapita.

Wote wawili wanapumua haraka. Mmoja anahitaji mtu wa kukaa naye mpaka atulie. Mwingine anahitaji dawa leo, si kesho. Ndiyo maana ni muhimu kila mmoja wetu ajue kuitazama pumzi, kuihesabu, na pale inapofaa, kuiongoza. Somo hili litaeleza vifaa vinavyofanya kazi hiyo na jinsi ya kufanya kazi hiyo hiyo bila kifaa cha kununua.

1. PUMZI INAVYOKWENDA

Chini ya mapafu upo msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Ukivuta pumzi, msuli huo hushuka, tumbo husogea mbele na mapafu hujaa hewa. Ukitoa pumzi, msuli hupanda na hewa hutoka. Hewa inayoingia huleta oksijeni kwenye damu. Hewa inayotoka huondoa kaboni ambayo mwili umeizalisha kama taka.

Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Hahesabu, wala hafikirii. Mwili unajiendesha wenyewe, hata usingizini. Lakini pumzi ina tofauti na kazi nyingine za mwili. Huwezi kuuamuru moyo upige polepole, wala huwezi kuliamuru tumbo lisage chakula. Pumzi unaweza kuishika, kuipunguza au kuirefusha. Na ukiibadilisha pumzi, moyo nao hufuata, kwa sababu moyo huongeza mwendo kidogo unapovuta pumzi na hupunguza mwendo unapoitoa. Anayetoa pumzi polepole na kwa muda mrefu anaupa moyo nafasi ya kutulia.

2. BAIOFIDIBAKI NI NINI?

Mwanamke anayesuka nywele zake mwenyewe hutumia kioo. Kioo hakisuki, ila kinamwonyesha mkono wake unapokosea ili aurekebishe. Baiofidibaki ni kioo cha namna hiyo kwa mambo ya ndani ya mwili. Kifaa hupima pumzi au mapigo ya moyo, kisha hukuonyesha hapo hapo kwa taa, sauti, namba au mchoro. Wewe unaona, unarekebisha, unaona tena. Baada ya mazoezi mwili unazoea, na kifaa hakihitajiki tena.

Jina hilo lilianza kutumika Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, wataalamu walipogundua kwamba mtu akionyeshwa mambo ya mwili wake ambayo kwa kawaida hayaoni, anaweza kujifunza kuyaongoza kwa kiasi fulani. Shika neno hilo, kwa kiasi fulani. Kifaa hiki ni mwalimu. Si dawa ya nimonia, si dawa ya pumu, wala si dawa ya kifua kikuu.

3. VIFAA VINAVYOJULIKANA

Baadhi ya vifaa hupima tu, vingine hupima na kufundisha.

Spairomita. Hupima kiasi cha hewa ambacho mapafu yanaweza kutoa. Daktari wa Uingereza John Hutchinson alieleza kifaa chake mwaka 1846, na hospitali bado zinatumia vifaa vya aina hiyo.

Bomba la kupulizia. Ni bomba dogo la plastiki lenye alama za namba. Mgonjwa wa pumu hulipuliza kwa nguvu mara moja, na kishale huonyesha hewa ilivyotoka kwa kasi. Akiona namba inashuka siku hadi siku, anajua pumu inarudi kabla haijambana.

Kifaa chenye vijipira. Mgonjwa aliyepasuliwa kifua au tumbo huvuta hewa polepole kupitia mrija, na vijipira vidogo hupanda ndani ya vichupa. Akiviona vinapanda anajua amevuta vya kutosha. Lengo ni mapafu yafunguke vizuri.

Oksimita. Ni kile kibanio cha kidoleni chenye taa nyekundu. Kinapima oksijeni kwenye damu na mapigo ya moyo. Kanuni yake iligunduliwa na mhandisi wa Kijapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970. Watu wengi walikifahamu wakati wa korona mwaka 2020. Kwa kawaida namba huwa 95 hadi 100. Ikiwa chini ya 90, mgonjwa apelekwe kituo cha afya mara moja.

Mkanda wa kifuani. Unafungwa kwenye mbavu. Unatanuka unapovuta pumzi na kusinyaa unapoitoa, na mashine huchora mstari unaopanda na kushuka kama mawimbi. Wapo pia wenye programu za simu zinazoonyesha duara linalokua na kupungua, nawe unapumua ukilifuata. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kifaa cha aina hii kiitwacho RESPeRATE kilianza kuuzwa Marekani kwa watu wenye shinikizo la damu. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana kuhusu msaada wake. Kwa hiyo mwenye vidonge vya shinikizo la damu asiviache kwa sababu ya zoezi lolote la pumzi.

Tahadhari kuhusu oksimita: Kifaa hiki hupitisha mwanga kwenye kidole. Rangi ya kucha, piko, na kidole chenye baridi vinaweza kukidanganya. Zaidi ya hayo, utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa kilishindwa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Jambo hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Kama mgonjwa anahema, mbavu zinaingia ndani na hawezi kumaliza sentensi, lakini namba inasema 95, mwamini mgonjwa.

4. HOFU INAVYOIHARIBU PUMZI

Sisi wa pwani hii tumepita mengi. Mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga pwani yetu. Tarehe 24 Machi 2021 Palma ilivamiwa, na watu wakakimbia, wengine kwa miguu porini, wengine kwa mashua mpaka Pemba, wengine wakajibanza Quitunda. Ifikapo mwaka 2022 karibu watu milioni moja walikuwa wamehama makwao. Mwili uliopita humo hausahau upesi. Sauti ndogo inaweza kuuamsha kana kwamba hatari iko mlangoni.

Mwili ukiona hatari hujiandaa kukimbia. Moyo huenda mbio na pumzi huongezeka. Ukikimbia kweli, hewa hiyo hutumika. Lakini ukiwa umekaa kwenye mkeka, hewa ni nyingi kuliko kazi. Mtu anatoa kaboni kupita kiasi, na hapo mishipa ya damu inayokwenda kichwani hujikaza. Matokeo yake ni kizunguzungu, ganzi mdomoni na vidoleni, vidole kujikunja, na kifua kubana. Kinachomtisha zaidi ni kwamba anahisi hana hewa, kwa hiyo anavuta zaidi, na hali inazidi.

Hali hii inatisha, lakini kwa kawaida hufika kilele ndani ya dakika 10 kisha hupungua yenyewe. Si wazimu, wala si udhaifu wa imani. Ni mwili unaotaka kukuokoa wakati hakuna kitu cha kukuokoa nacho.

5. VIFAA VYA NYUMBANI

Tulipokimbia hakuna aliyebeba mashine. Lakini kazi ya mashine hizi ni kukuonyesha pumzi, na vitu vilivyomo nyumbani vinaweza kuionyesha pia.

Kapulana kiunoni. Ifunge kuzunguka mbavu za chini, isibane wala isilegee. Ukivuta pumzi vizuri utahisi inakaza pande zote. Ukihisi mabega ndiyo yanayopanda na kapulana haisogei, unapumulia juu. Huu ndio mkanda wa kifuani, bila mashine.

Kikombe cha plastiki tumboni. Lala chali, weka kikombe kitupu juu ya kitovu. Kipande kwa utaratibu, kishuke kwa utaratibu. Kikitikisika au kikianguka, punguza mwendo. Watoto wanalipenda zoezi hili.

Kipande cha karatasi. Kishike mbele ya mdomo, umbali wa kiganja. Toa pumzi kana kwamba unapoza chai. Karatasi iiname na ibaki imeinama. Ikipepea, pumzi yako inatoka kwa kushtuka.

Chupa na mrija. Weka maji safi kwenye chupa mpaka kina cha vidole vinne. Tumbukiza mrija, usifunge mdomo wa chupa, pulizia polepole. Mapovu yatoke moja baada ya jingine. Yakitoka yote kwa mkupuo, umepuliza haraka. Kila mtu awe na mrija wake. Tusichangie, kwa sababu baadhi ya magonjwa hupita kwa mate. Usivute maji, na watoto wasimamiwe.

6. ZOEZI LENYEWE

Chagua kimoja kati ya vitu hivyo, kisha fuata hatua hizi.

a) Kaa ukiwa umeegemea ukuta au mti. Legeza mabega.
b) Vuta pumzi kwa pua ukihesabu kimoyomoyo mpaka 4. Usijaze kifua mpaka kipasuke. Pumzi ya kawaida inatosha.
c) Toa pumzi kwa mdomo ukihesabu mpaka 6.
d) Rudia. Ukihesabu kwa mwendo wa sekunde, utapata pumzi 6 kwa dakika.
e) Endelea kwa dakika 5, asubuhi na jioni.

Fanya zoezi siku ambazo umetulia. Anayetaka kujua kuogelea hajifunzi siku mashua inapozama. Ukisikia kizunguzungu, unavuta hewa nyingi mno. Acha, pumua kawaida, kisha rudi kwa pumzi ndogo zaidi. Kama kufumba macho kunakurudishia picha mbaya, usifumbe. Tazama kikombe chako au tazama miti.

Je, inasaidia kweli? Nairobi, Kenya, wahudumu wa afya wa jamii kama sisi walifundishwa njia iitwayo PM+ ya Shirika la Afya Duniani, ambayo huanza na kupumua polepole, na kuendelea na namna ya kukabili matatizo na kutafuta watu wa kukusaidia. Wanawake 421 waliopita katika dhiki walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2017, na waliopata mafunzo hayo walipungukiwa na msongo kuliko wengine. Huko Uganda, katika kambi ya Rhino, wanawake wakimbizi 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki utafiti wa njia nyingine, Self-Help Plus, inayofundishwa kwa vikundi kwa sauti iliyorekodiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, nayo yalionyesha nafuu. Pumzi ilikuwa sehemu moja tu ya mafunzo hayo, na hapakuwa na mashine za kupimia. Kulikuwa na watu waliokaa pamoja na kufundishana.

7. KUMSAIDIA ALIYEBANWA NA HOFU

Mtu akiwa katika hali hiyo, wewe ndiye kifaa chake. Keti upande wake, usimzunguke na umati. Sema taratibu, kwa mfano:

"Shikamoo mama. Mimi ni jirani yako, niko hapa, siondoki."
"Mwanangu, nakufa."
"Nakuona mama, pumzi zinakwenda mbio. Hapa tulipo pana usalama. Tazama mkono wangu. Ukipanda, vuta. Ukishuka, toa polepole. Tutoe kwanza... hivyo hivyo... tena."

Inua mkono wako na kuushusha polepole, mshushie muda mrefu kuliko kuinua. Usimwambie "acha woga" au "tulia basi". Usimshike bila ruhusa, hasa kama ni mwanamke na wewe ni mwanamume. Akishatulia, mpe maji, na usimwache peke yake.

MPELEKE KITUO CHA AFYA, usifanye mazoezi, ikiwa: ni mara yake ya kwanza na hujui sababu, ana homa au anakohoa damu, maumivu ya kifua yanakwenda mkononi au kwenye taya, midomo imegeuka rangi ya buluu au kijivu, anapiga miluzi kifuani kama mwenye pumu, ni mjamzito au amejifungua karibuni, au nusu saa imepita bila nafuu. Mwenye pumu atumie dawa yake ya kuvuta kwanza.

8. PUMZI YA MTOTO: HAPA NI KUHESABU TU

Kwa mtoto mdogo hatufundishi pumzi. Tunaihesabu. Wahudumu wa afya wa vijiji wa Msumbiji, wanaojulikana kama APE, ambao mpango wao ulianza mwaka 1978 na kuhuishwa mwaka 2010, hufundishwa kutambua malaria, kuharisha na nimonia. Kwa nimonia, kifaa cha kwanza ni saa. Ipo saa ndogo iliyosambazwa na UNICEF ambayo hulia nusu dakika ikitimia na tena dakika nzima ikitimia. Sehemu nyingine hutumia shanga: unavuta shanga moja kwa kila pumzi, na ukifika kwenye rangi ya hatari unajua. Mzazi anaweza kutumia saa ya simu.

Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Funua tumbo lake. Kila tumbo linapopanda, hesabu moja. Hesabu dakika nzima, kwa sababu pumzi za mtoto mchanga hazina mwendo sawa. Pumzi ni za haraka zikifika:

- Chini ya miezi 2: mara 60 au zaidi kwa dakika
- Miezi 2 hadi 11: mara 50 au zaidi
- Mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5: mara 40 au zaidi

Mtoto mwenye kikohozi au shida ya kupumua aliyefika namba hizo apelekwe kwa APE au kituo cha afya siku hiyo hiyo. Wa chini ya miezi 2 aende kituoni moja kwa moja. Na yeyote anayeonyesha moja ya dalili hizi asingoje hata kuhesabiwa: sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani anapovuta pumzi, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri.

9. MASWALI TUNAYOULIZWA

Je, nipumulie ndani ya mfuko?
Hapana. Zamani watu walishauriwa hivyo. Kama ugonjwa ni wa mapafu au moyo, mfuko utampunguzia oksijeni na unaweza kumuua. Mfuko wa plastiki usikaribie uso wa mtu kabisa.

Watu wanasema mama yule ana jini. Tufanye nini?
Familia ikitaka kumsomea dua, isome. Lakini kwanza tazameni dalili tulizotaja hapo juu, na mkiona hata moja, mpelekeni kituo cha afya. Dua inaweza kusomwa njiani.

Je, zoezi hili ni ibada ya dini nyingine?
Hapana. Ni mazoezi ya mwili kama kunyoosha mgongo baada ya kulima. Mwislamu na Mkristo wote wanaweza kulifanya.

Ninunue kifaa cha kidoleni sokoni?
Si lazima. Pesa hiyo inaweza kununua chakula cha watoto. Saa ya simu na macho yako vinatosha kuhesabu pumzi, na kituo cha afya ndicho cha kupima oksijeni.

Nikifanya zoezi, nitasahau niliyoyaona?
Hapana, zoezi halifuti kumbukumbu. Linakusaidia kupita dakika ngumu. Ikiwa hulali, huli, au unafikiria kujidhuru, njoo uzungumze nasi au na mhudumu wa afya ya akili. Atakusikiliza bila kukusuta.

10. MAZOEZI YA KIKUNDI

Someni somo hili pamoja, anayejua kusoma awasomee wengine. Kisha:

1. Kila mtu ahesabu pumzi zake kwa dakika moja akiwa amekaa. Umepata ngapi?
2. Fanyeni zoezi la kapulana kwa dakika 5, kisha hesabuni tena. Kumekuwa na tofauti?
3. Mtoto wa miezi 8 anakohoa na anapumua mara 54 kwa dakika. Mtafanya nini, na lini?
4. Jirani amesikia kishindo, anahema na vidole vimekufa ganzi. Taja mambo matatu ya kumfanyia na moja la kutomwambia.

Majibu ya swali la 3 na la 4 yamo katika somo hili. Mkishindwa kukubaliana, muulizeni mhudumu wa kujitolea wa eneo lenu anapopita. Atakuja na saa yake, na mtahesabu pamoja.